Kabla uhamie mashambani, tembea huko wakati wa mvua

Siku hizi ukikaa na vijana watano wa Nairobi, hutakosa mmoja anayesema amechoka. Amechoka na mfereji unaotoa maji mara moja kwa wiki, na muziki wa jirani hadi saa tisa usiku. Kodi nayo inameza nusu ya mshahara. Anachotaka ni keja ndogo yenye bustani, mahali atasikia ndege badala ya honi. Korona ya 2020 ilizidisha hamu hii. Wengi walifanyia kazi nyumbani wakajiuliza: kama ofisi ni laptopu, mbona ninalipa kodi ya Kilimani?

Basi msako unaendelea. Kuna wanaotazama Nanyuki, ambako treni ya kutoka Nairobi ilirejea mwishoni mwa 2020. Wengine ni Naivasha, Machakos au Kajiado. Picha kwenye simu ni tamu: nyumba ya mbao, Mlima Kenya kwa mbali, kikombe cha chai barazani. Lakini wasee, picha haina matope.

Rafiki yangu aliambiwa na broka kwamba nyumba iko "dakika tano kutoka lami". Tulitembea dakika hamsini. Tangu hapo, nikiandamana na mtu kutafuta nyumba, nina maswali yangu.

La kwanza ni udongo. Upande wa Kitengela na Athi River kuna ule udongo mweusi unaofura ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Gari linakwama, na ukijenga utagharamika kwa msingi kwa sababu lazima udongo huo uchimbwe na kuondolewa. Broka atakupeleka Januari jua likiwaka. Wewe rudi Aprili, tena peke yako. Ongea na wa bodaboda pale steji, maana yeye ndiye anajua barabara hukatika wapi.

La pili ni maji. Ukiambiwa "kisima kipo", uliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na yakikauka watu hununua wapi. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa, zikiwemo Naivasha na Nakuru, maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi. Watoto wakiyanywa miaka mingi, meno yao huwa ya kahawia. Peleka maji yapimwe kabla hujapeleka deposito.

La tatu ni stima na intaneti. Nguzo ya karibu iko umbali gani? Kisha ingia chumbani, funga mlango, piga simu ya video. Usipimie netiwaki barabarani halafu useme iko sawa.

Ushauri wangu ni huu: panga kwanza. Kaa miezi sita, uone kiangazi na mvua. Ukishindwa, unafunga virago unarudi Kayole na hakuna kesi.

Kununua ndiko chapaa za chama na Sacco huenda zisirudi. Usilipe hata shilingi kabla ya kufanya upekuzi rasmi wa hatimiliki. Tangu 2021 kuna mfumo wa Ardhisasa, ingawa ulianzia Nairobi. Kwingine unaweza kulazimika kwenda ofisi ya ardhi ya eneo hilo. Upekuzi unaonyesha mwenye shamba ni nani, na kama limewekwa rehani au lina zuio. Mpimaji naye akuonyeshe mipaka kwa macho yako. Kampuni ikikupa cheti cha hisa, elewa kwamba hicho si hatimiliki.

Kama ni shamba la kilimo, lazima bodi ya ardhi iidhinishe uuzaji. Sheria ya 1967 inasema bila idhini hiyo mauzo ni batili, na ombi lafaa kuwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya kuandikiana. Mume au mke wa muuzaji akubali pia. Mapatano yawe kwa maandishi, yenye sahihi na mashahidi, na wakili awe wako, si wa anayekuuzia. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 mashambani na asilimia 4 mjini, kwa hivyo uweke kwenye hesabu mapema. Haya sikufunzwa chuoni, na hata huko sikukaa sana.

Kuna wanaouliza, "Si uende tu ushago kwenu?" Swali hilo ni rahisi kwa mwenye kipande chake. Wasichana wengi ninaowajua wanatafuta kwa watu kwa sababu kwao shamba liligawanywa kati ya kaka zao, ingawa katiba ya 2010 inapinga ubaguzi huo. Kwao, hatimiliki yenye jina lao ni mahali ambapo hakuna mjomba atawaambia waondoke.

Na ukishapata, kumbuka wewe ndiwe mgeni. Wapitie majirani kabla hujaweka ua, uulize ng'ombe hupita wapi na maji hugawanywa vipi. Salimia wazee, nunua sukuma kwa mama wa hapo. Siku paa litang'olewa na upepo usiku, hutampigia broka. Utamwita huyo jirani.