Red Sox: Miaka 86 bila kombe, ilikuwa laana au maamuzi mabovu?

Kwa miaka mingi mashabiki wa Boston Red Sox, timu ya besiboli ya Marekani, waliamini timu yao imelaaniwa. Na ukiangalia yaliyowakuta, unaweza kuwaelewa. Ila laana haielezi kila kitu.

Babe Ruth auzwa

Mwaka 1918 Red Sox ilitwaa ubingwa wake wa tano. Kikosini alikuwemo kijana Babe Ruth, hodari wa kurusha na kupiga mpira. Haukupita muda, mmiliki wa timu, Harry Frazee, akamuuza kwa New York Yankees, na habari ikatangazwa Januari 1920.

Yankees hawakuwa na kombe hata moja wakati huo. Hadi kufika mwaka 2003 walikuwa nayo 26. Red Sox? Sifuri tangu Ruth aondoke. Hapo ndipo watu wakaanza kusema Ruth kawaachia laana.

Mlango uliofungwa

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Aprili 1945 Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alifanyiwa majaribio kwenye uwanja wa Red Sox, Fenway Park. Hawakumsajili. Miaka miwili baadaye akaanza kung'ara na Brooklyn Dodgers.

Red Sox ilikuwa timu ya mwisho kwenye ligi kuu kumchezesha mchezaji mweusi, Pumpsie Green, mwaka 1959. Wakati wenzao wakivuna vipaji, wao walijifungia. Hata Ted Williams, mmoja wa wapigaji bora kuwahi kutokea, alistaafu 1960 bila kombe. Hiyo siyo laana, ni uamuzi wa watu.

Mzigo wa Buckner

Fainali ya 1986 dhidi ya New York Mets ndiyo iliyouma zaidi. Red Sox ilikuwa mbele kwa mechi 3-2. Mechi ya sita, raundi ya 10, walihitaji kumtoa mpigaji mmoja tu ili wawe mabingwa. Mets wakasawazisha, kisha mpira mwepesi ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner. Mets wakashinda 6-5.

Lawama zote zikamwangukia Buckner. Kumbe mpira ulipompita, matokeo yalikuwa tayari sare. Na bado kulikuwa na mechi ya saba: Red Sox iliongoza 3-0 halafu ikafungwa 8-5. Jamaa alibeba mzigo wa timu nzima kwa miaka. Mwaka 2008 alirudi Fenway kurusha mpira wa ufunguzi, na uwanja mzima ukasimama kumpigia makofi. Alifariki 2019.

2004: Meza yapinduliwa

Oktoba 2004, nusu fainali, Yankees, watani wao wa jadi, wakawa mbele 3-0. Ikibaki kidogo kutolewa katika mechi ya nne, Dave Roberts alichomoka mbio na kuiba kituo cha pili, kisha akafunga pointi ya kusawazisha. Raundi ya 12, David Ortiz akaupiga mpira ukavuka uzio. Red Sox ikashinda mechi nne mfululizo, jambo ambalo hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa imewahi kulifanya ikiwa nyuma 3-0.

Fainali ikawa kama mazoezi: St. Louis Cardinals walichapwa 4-0, na tarehe 27 Oktoba miaka 86 ikafutika.

Ortiz alikuwa ametupiwa virago na Minnesota Twins mwishoni mwa 2002. Yeye, Manny Ramirez na Pedro Martinez, nguzo za kikosi kile, wote wanatoka Jamhuri ya Dominika. Wangekuja zama za Robinson, Fenway isingewafungulia mlango.

Makombe mengine yakafuata: 2007, 2013 na 2018. Laana haijatajwa tena.