Pevingi, zege au plastiki: sakafu ya banda la gari Magamba inakula nini baada ya kujengwa

Anayejenga banda la gari huuliza bei ya sakafu, na fundi humtajia bei ya mita ya mraba. Hapo mazungumzo huishia. Kwa Magamba, hiyo ni nusu ya hesabu, tena nusu iliyo ndogo. Huku juu ya Lushoto mjini, pembezoni mwa msitu wa hifadhi, kitu kinachoimaliza sakafu ni maji na udongo mwekundu. Masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli huanza Oktoba, na katikati yake, Juni na Julai, huja baridi na ukungu unaoweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Gari linaingia bandani likidondosha maji, matairi yamebeba tope la mfinyanzi, na jua la kukausha halipo. Sakafu ambayo Korogwe ingefagiliwa tu, Magamba inaota utando wa kijani.

Ndiyo maana ninapolinganisha gharama naanzia kwenye utunzaji, kisha narudi kwenye ununuzi. Nitatumia banda moja la mfano lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, yaani mita za mraba 18, linalotosha gari dogo na pikipiki ubavuni. Hesabu nyingi nitazipiga kwa ndoo, mifuko na saa za kazi, kwa kuwa bei ya Mombo haiwi bei ya Magamba baada ya lori kupanda zile kona za Soni, na bei ya Januari haiwi ya Aprili barabara zikiwa na utelezi. Weka bei ya siku yako juu ya hesabu hizi.

Pevingi za mstatili za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba. Banda letu linataka 900, ongeza kidogo za kukatia pembeni. Zikiwa na unene wa sentimita 6, kila moja ina uzito unaokaribia kilo 3, hivyo mzigo wote ni karibu tani mbili na nusu. Chini yake unahitaji kitanda cha mchanga cha sentimita 3, sawa na ndoo 27 za lita 20, juu ya moramu au kifusi kilichoshindiliwa vizuri. Za zigizaga, zile zenye kingo zinazong'atana, ni takriban 39 kwa mita, na zinavumilia zaidi tairi linalogeuzwa gari likiwa limesimama. Ukichagua za mstatili, mwambie fundi azilaze kwa mpangilio wa mifupa ya samaki. Zikipangwa mistari iliyonyooka, magurudumu huzisukuma kidogo kidogo mpaka mianya inafunguka. Kwa gari la nyumbani unene wa sentimita 6 unatosha. Anayetaka kuingiza Fuso iliyojaa kabichi achukue za sentimita 8.

Gharama ya kusafisha huamuliwa siku ya kununua. Pevingi dhaifu ina vitundu vingi, vitundu hunywa maji, na penye maji ndipo utando wa kijani unaposhika. Usinunue kwa rangi. Gonganisha mbili: nzuri hutoa mlio mkali, mbovu hutoa mlio mfu. Kwaruza uso kwa msumari. Ukitoa unga, achana nazo. Mwagia maji kidogo. Yakizama papo hapo, hiyo ndiyo itakayokuchosha kila masika. Muulize mwuzaji zimemwagiliwa maji siku ngapi baada ya kufyatuliwa. Siku 7 ni kiwango cha chini, na nguvu kamili ya zege hupimwa siku ya 28. Kwenye baridi ya Magamba zege hukomaa polepole zaidi kuliko tambarare, kwa hiyo mfyatuaji wa hapa juu anayeuza baada ya siku tano anakuuzia kazi ya miaka. Nafuu ya shilingi mia moja kwa kila pevingi inakuwa shilingi 90,000 kwa banda zima, na ni fedha zitakazoliwa na dawa na vibarua.

Sasa utunzaji wenyewe. Udongo mwekundu una kanuni moja ambayo watu wengi huivunja: hauoshwi ukiwa mbichi. Ukimwagia maji tope lililotoka kwenye tairi, unalipeleka kwenye mianya, linachanganyika na mchanga, na hapo magugu yanapata shamba. Mbegu nyingi za magugu ya kwenye pevingi haziji kutoka chini. Huletwa na upepo na viatu, kisha huota katika udongo uliojikusanya juu ya mwanya. Acha tope likauke, lifagie kwa fagio gumu, lizoe kwa beleshi, ndipo uoshe. Kufagia hivyo mara moja kwa wiki hakugharimu kitu, nako ndiko kunakopunguza gharama nyingine zote.

Kuosha kuna njia tatu. Brashi ngumu yenye mpini mrefu, ndoo na sabuni ya unga kidogo hutumia ndoo tano au sita, lita 100 hadi 120, na nguvu za mtu mmoja kwa asubuhi moja. Mpira wa bustani unaotoa lita 12 kwa dakika ukiachwa saa nzima unakula lita 720, bila kusugua chochote. Mashine ndogo ya presha hutumia kama lita 7 kwa dakika, yaani lita 420 kwa saa, na umeme usiofika uniti 2. Kwa maji na umeme peke yake mashine inaonekana nafuu kuliko mpira. Lakini ina gharama iliyojificha: hung'oa mchanga wa kwenye mianya. Ukiielekeza wima na kuisogeza karibu, inachimba. Mchanga ukitoka, pevingi zinaanza kucheza, na tairi linazimalizia.

Tuhesabu mchanga huo. Mianya ya milimita 3 katika banda la mita 18 hubeba takriban lita 49, ndoo mbili na nusu. Mashine ikila theluthi ya juu, unahitaji kama lita 16, hata ndoo moja haijai. Ni mchanga mdogo mno kuwa sababu ya kuharibu sakafu nzima, ila watu hawaurudishi. Anayekodi mashine, au anayemwita kijana wa kuosha magari aje nayo, apange siku mbili: ya kwanza kuosha, mdomo wa bomba ukiwa umelazwa na kushikwa kama sentimita 30 kutoka sakafuni, ya pili, pevingi zikishakauka kabisa, kufagilia mchanga laini mkavu mpaka mianya ijae. Mchanga mbichi haushuki, unaziba juu na kuacha uwazi chini. Kununua mashine kwa ajili ya banda moja sikushauri. Majirani wanne au watano wakichangia, hapo ni jambo jingine.

Utando wa kijani hautoki kwa sabuni pekee. Jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa maji sehemu kumi, ikiachwa dakika kumi hadi kumi na tano kisha ikasuguliwa na kusuuzwa, inatosha. Kwa banda letu ni lita moja au mbili za jiki, mara moja au mbili kwa mwaka. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, wala na siki. Hutoa hewa ya klorini inayounguza mapafu, na banda la gari lenye mlango uliofungwa ndipo mahali pabaya zaidi pa kufanyia kosa hilo. Tazama pia maji ya kusuuzia yanakokwenda. Lushoto huishi kwa mboga na matunda, na nyumba nyingi za Magamba zina bustani ya karoti au kabichi hatua chache chini ya banda. Elekeza maji hayo kwenye shimo la kokoto, mbali na kijito na matuta. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi dawa ya magugu kwenye pevingi za nyumbani. Magugu yaliyo kwenye mianya hung'oka kwa vidole siku moja baada ya mvua, na yaliyoshupaa hufa kwa birika la maji yanayochemka.

Kuna mafundi wanaopendekeza maji ya betri au asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae. Kataa. Asidi huila saruji yenyewe: uso unang'aa kwa wiki chache, kisha unakuwa na ukakasi na vitundu, na utando hurudi ukiwa na mahali pazuri pa kushika kuliko mwanzo. Weupe kama chumvi unaojitokeza kwenye pevingi mpya hauhitaji dawa pia. Ni chokaa inayotoka na maji, na hupungua yenyewe kwa mvua na kufagia.

Oili ndipo pevingi inapozishinda sakafu nyingine zote. Ikimwagika, usiisugue. Nyunyizia vumbi la mbao au majivu, acha usiku kucha, zoa, kisha paka uji mzito wa sabuni ya unga na usugue. Vumbi la mbao huku si la kutafuta mbali, kwa kuwa misonobari ya Shume inapasuliwa jirani. Doa likiwa la zamani na limezama, ng'oa pevingi hiyo kwa bisibisi mbili, igeuze juu chini au ibadilishe na iliyo chini ya rafu, ongeza mchanga, gonga kwa nyundo ya mpira. Gharama ni robo saa. Kwenye zege, doa hilo ni lako mpaka utakapobomoa. Agiza pevingi 30 za ziada siku ya kwanza na uziweke nje zipigwe na mvua, zisije zikawa na rangi tofauti siku utakapozihitaji.

Vigae vya plastiki vinavyoshikana kwa meno, vile vinavyoonekana kwenye picha za mabanda ya Marekani, vinaanza kuulizwa na Watanzania wanaoagiza bidhaa mtandaoni. Vya sentimita 30 kwa 30 vinahitajika 200 kwa banda letu, na uzito wake wote haufiki kilo 100. Usafiri wake kupanda mlima ni rahisi kupita kiasi ukilinganisha na tani mbili na nusu. Ubaya ni kwamba havisimami juu ya udongo. Vinataka sakafu ya zege iliyo sawa chini yake, na zege la sentimita 10 kwa banda letu ni mita za ujazo 1.8, saruji mifuko 11 au 12 kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne. Unalipia sakafu mbili. Vyenye matundu hupitisha maji ya gari mpaka kwenye zege na kuyaficha. Mahali pakavu yangekauka. Magamba yanakaa, yananuka, na wadudu wanahamia. Inabidi kuving'oa angalau mara moja kwa mwaka, kuosha chini, kukausha na kuvirudisha, kazi ya watu wawili kwa asubuhi nzima. Vya plastiki laini hushika madoa ya kahawia mahali tairi linapolala, na stendi ya pikipiki hutoboa au kupinda kigae kisipowekewa kibao. Vinafaa kwa mtu mwenye zege zuri tayari, banda lililofungwa, na gari linalolala mle zaidi ya kutoka.

Zege tupu ndilo rahisi kusafisha kuliko sakafu zote: brashi, maji, basi. Likipasuka, hata hivyo, maji huingia ufa huo huo kila masika, na kiraka huonekana daima. Vigae vya kauri vya sebuleni visiwekwe bandani kabisa. Vikilowa vinateleza, na jeki huvivunja.

Huko Kenya kuna njia nyingine inayostahili kufuatiliwa. Nzambi Matee, mwanzilishi wa Gjenge Makers ya Nairobi, hutengeneza pevingi kwa taka za plastiki zilizochanganywa na mchanga, na mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunuku miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia. Plastiki hainywi maji kama saruji dhaifu inavyonywa, na hiyo ndiyo sifa ambayo mtu wa Magamba angeilipia. Nyepesi kubeba, ngumu kuota kijani: natamani mfyatuaji wa Tanga au Korogwe aijaribu.

Kuhusu dawa ya kung'arisha na kuziba pevingi, okoa fedha zako. Inataka sakafu kavu hadi ndani, na ikipakwa penye unyevu hufungia maji chini, ikageuka nyeupe kama maziwa na kubanduka vipande. Pia huongeza utelezi. Dirisha la kuipaka Magamba ni Januari na Februari, na hata wakati huo faida yake haizidi ile ya mteremko mzuri.

Mteremko ndio ninaowaomba wasomaji wasiubanie. Sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mlangoni au mfereji wa pembeni, ni sentimita 12 kwa urefu wa banda letu. Fundi apime kwa uzi na pimamaji, wewe ukiwepo, kabla ya pevingi ya kwanza kulazwa, na iandikwe kwenye makubaliano kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya ndoo mbili za maji kumwagwa nyuma ya banda na kutoka mbele bila kutuama. Fundi mzuri hatalikataa sharti hilo. Ukingo wa zege pande zote nao usiachwe, kwa kuwa bila huo pevingi za mwisho hutambaa nje na mchanga huzifuata. Mteremko na ukingo vikiwepo, banda la mita 18 litadai kwa mwaka lita mbili za jiki, ndoo moja ya mchanga mkavu, fagio gumu na asubuhi mbili: moja mwishoni mwa Mei mvua zikikatika, nyingine Januari.