Je, Wajua? Mafuta ya Usukani Hayaanzi Kuvuja Pale Yanapodondokea

Udongo wa Kibwezi ni mwekundu, na mafuta ya usukani wa gari la zamani ni mekundu pia. Ndiyo maana gari linaweza kuvuja mwezi mzima uani, Kikumbulyu au Masongaleni, na mwenyewe asitambue mpaka siku anapokata kona kwenye njia panda ya Kitui na kusikia pampu ikilia chini ya boneti. Doa lilikwisha kunywewa na ardhi. Fundi mzoefu wa huku huanza na kipande cha katoni. Hukitandika chini ya pua ya gari jioni, asubuhi hukisoma. Doa jeusi ni oili ya injini, maji matupu ni ya kipoza hewa, na jekundu lenye utelezi ni la usukani au la giaboksi ya otomatiki, maana Toyota na Nissan nyingi za miaka ya 1990 hutumia mafuta ya aina moja, ATF ya Dexron, huku na huku.

Probox zinazobeba abiria na miraa kwenye barabara zetu hazina balaa hili. Usukani wake husaidiwa na mota ya umeme, mfumo ambao Suzuki iliuweka kwenye gari lake dogo la Cervo mwaka 1988 huko Japani. Lakini Corolla 110, Hilux za zamani na matatu za Nissan za enzi hizo bado zinategemea mafuta, na wenyewe hawana mpango wa kuziacha.

Usukani wa mafuta ulibuniwa na Mmarekani Francis Davis, mhandisi wa kampuni ya Pierce-Arrow, iliyokuwa ikiunda magari na malori mazito ambayo kuyakatia kona kulihitaji mabega ya kweli. Aliacha kazi, akakodi karakana Waltham katika jimbo la Massachusetts, na kufikia mwaka 1926 alikuwa na gari la kuwaonyesha wenye viwanda. Wakasita miaka 25. Gari la kwanza la abiria kuuzwa likiwa na usukani wa namna hiyo lilikuwa Chrysler Imperial la mwaka 1951.

Kilichofanya kazi ya Davis ifaulu ni vali iliyo wazi katikati. Gari likienda moja kwa moja, mafuta huzunguka tu, kutoka kwenye pampu hadi kwenye vali na kurudi kwenye kopo lake, bila shinikizo kubwa. Dereva akigeuza usukani, kifito cha chuma kilicho ndani ya mhimili hujipinda kidogo, vali hubana upande mmoja na kufungua mwingine, na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta kwenye pistoni iliyo ndani ya reki, kile chombo kirefu kinachogeuza magurudumu ya mbele. Hapo ndipo shinikizo linapopanda. Kwenye gari la ukubwa wa Corolla, usukani ukikatwa hadi mwisho, shinikizo hukaribia pauni 1,000 kwa inchi ya mraba, ilhali tairi za gari hilohilo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi. Na mafuta yote yaliyomo hayazidi sana lita moja. Tundu dogo mno linatosha kulikausha kopo.

Kwa hiyo gari lililozimwa halisemi lolote. Linaweza kuwa kavu kabisa likiwa limeegeshwa, kisha likatapika dereva anapojipenyeza kwenye nafasi finyu sokoni. Tena upepo wa safari huyarusha mafuta nyuma, na uzito wake huyavuta chini, hivyo tone huning'inia kwenye boriti ya chasisi au chini ya injini, mahali pasipohusika hata kidogo. Nimeona reki nzima ikifunguliwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa imelowa, kumbe juu yake kulikuwa na klipu ya paipu iliyolegea. Hilo linaniuma, kwa kuwa mwenye gari hulipia kazi ya siku nzima na kurudi nyumbani na doa lilelile.

Njia ya haki ni kuosha kwanza. Sabuni ya unga na brashi vinatosha kuondoa ile pasta ya vumbi na mafuta iliyogandamana kwa miaka. Gari likishakauka, fundi hunyunyiza poda ya watoto kwenye viungo vyote vya paipu, pampu na reki. Injini huwashwa, mmoja hukaa kwenye usukani na mwenye macho makali huinama na tochi. “Kata kulia, kijana. Polepole. Rudisha.” Poda nyeupe ikigeuka waridi, pametajwa. Kinachotafutwa ni mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa sababu chochote kilicho chini yake kinaweza kuwa kimemwagikiwa tu.

Kuna mambo mawili ya kuheshimu wakati huo. Usukani usishikiliwe mwisho wa kona kwa zaidi ya sekunde 5, maana pampu hupata joto la kuiua. Na mtu asipapase paipu ya shinikizo kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Mchirizi mwembamba kama uzi unaweza kutoboa ngozi na kuingiza mafuta ndani ya mkono, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Kipande cha katoni kisogezwe hapo badala ya mkono.

Paipu ya shinikizo huvuja zaidi pale mpira unapobanwa na kikonyo cha chuma. Kibwezi iko chini sana ukilinganisha na Nairobi, joto la mchana huku si la mchezo, na ndani ya boneti huzidi maradufu. Mpira uliokwisha kula miaka ishirini hukakamaa na kupasuka nyufa. Sili ya mhimili wa pampu ikichoka, hujitangaza kwa mafuta yaliyorushwa kwa duara kuzunguka puli na mkanda. Bolti inayounganisha paipu na pampu huwa na washa mbili za shaba, na fundi aliyezirudisha zilezile za zamani amepanda mbegu ya kuvuja.

Ugonjwa wa huku hasa uko kwenye reki. Kila ncha ya reki imefunikwa na buti la mpira lenye mikunjo. Jiwe la barabara ya murami au mwiba ukilitoboa, vumbi huingia na kushikana na grisi, likawa kama msasa. Kila kona inayokatwa, fimbo ya chuma iliyosuguliwa ikang'aa hupita juu ya msasa huo, hujikwaruza, na mikwaruzo hiyo hukata ukingo wa sili. Namna ya kujua ni rahisi: legeza klipu ya buti na ulibonye. Likitema mafuta, sili ya ndani imekwisha, hata kama kwa nje buti linaonekana zima. Buti lililochanika ni la bei ndogo mno kuliko reki, nami nashangaa tunavyolipuuza hadi mambo yaharibike.

Kisha kuna mafuta yanayopungua bila kuacha alama popote. Injini kadhaa za Toyota za miaka ya 1990 zina vali ndogo kwenye pampu, yenye mipira miwili myembamba inayoelekea kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuongeza hewa ili injini isizimike dereva anapokata kona bila kukanyaga akselereta. Vali ikifa, injini huvuta mafuta ya usukani na kuyachoma, na ekzosi hutoa moshi mweupe. Chomoa mipira hiyo uichungulie. Inapaswa kuwa mikavu. Ikiwa na mafuta ndani, umempata mhalifu. Nao mlio wenye povu kwenye kopo, bila tone chini, mara nyingi hutokana na oringi ya paipu inayovuta mafuta kwenda kwenye pampu: haivuji nje, bali inaingiza hewa.

Dawa za chupa za kuziba hulainisha sili na kuivimbisha. Zinaweza kumfikisha mtu Voi, lakini haziponyi fimbo iliyokwaruzika wala paipu iliyopasuka. Oringi, klipu na washa za shaba hupatikana mjini. Paipu ya shinikizo inaweza kutumwa kwa basi hadi Kirinyaga Road, Nairobi, karibu kilomita 200, ikabanwe mpira mpya kwa mashine. Kuikata na kuiunganisha kwa klipu za kawaida ni hatari, haitahimili shinikizo lile. Kwa reki, seti ya sili inafaa pale tu fimbo ikiwa laini. Ikiwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, sili mpya itakatwa upya, na heri kununua reki ya eks-Japani, ukiikagua buti zake kabla ya kulipa. Baadaye gari lipelekwe alaimenti.

Kazi ikishakamilika, hewa itolewe. Magurudumu ya mbele yainuliwe, na injini ikiwa imezimwa usukani uzungushwe taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku kopo likijazwa, mpaka mapovu yaishe. Ndipo iwashwe. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, bado kuna hewa. Subiri yatulie, rudia. Kopo lina alama mbili, ya baridi na ya moto. Gari lililotoka Makindu saa nane mchana lisomwe kwenye alama ya moto, maana mafuta yamevimba kwa joto. Ukilipima asubuhi kwa alama hiyohiyo utalijaza kupita kiasi, na ifikapo mchana yatamwagika kupitia kifuniko na kulowesha kila kitu ulichokwisha kuosha.