Krismasi Wakati wa Jua Kali

Masomo: Luka 2:8–20, Mathayo 10:42



Siku hizi za mwisho wa mwaka tunaona kadi za Krismasi zenye picha za theluji. Hata kanisani, vijana hupamba matawi ya mti wa Krismasi kwa pamba nyeupe. Nje ya mlango jua linawaka, vumbi linatimka, na ng'ombe wanatafuta kivuli chini ya migunga. Mtoto akiuliza, "Theluji hii ni ya nini?" tutamjibu nini?

Huko Ulaya mwezi wa Desemba ni majira ya baridi, kwa maana upande wa kaskazini wa dunia umeinama mbali na jua. Wamishenari waliotuletea Injili walikuja pamoja na desturi za kwao. Sisi tu karibu na ikweta. Mvua za vuli zikikatika na mawingu yakiondoka, joto huzidi mpaka Februari. Tarehe yenyewe haimo katika Injili. Ni katika karne ya 4 tunapoliona Kanisa la Roma likiadhimisha tarehe 25 Desemba.

Basi katika Luka hatuoni theluji. Twaona hori, chombo cha kulishia mifugo, na wachungaji wanaokesha na kundi lao. Mfugaji wa Kajiado hahitaji kufafanuliwa mambo hayo. Tena, Yohana 1:14 inaposema kwamba Neno alikaa kwetu, neno la Kiyunani lina maana ya kupiga hema. Apigaye hema kati ya watu huchomwa na jua lile lile linalowachoma wao. Bwana wetu alichoka safarini, akaketi kisimani saa sita mchana, akamwomba mwanamke wa Samaria maji ya kunywa.

Ndugu zangu, hapo ndipo sikukuu yetu inapopimwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilikuwa zimepungua kwa misimu 5 mfululizo, na wafugaji wengi wa Kajiado walipoteza mifugo yao. Hata katika mwaka mzuri, maji ni shida katika boma nyingi. Kitengela kwenyewe wengi hununua maji kwa mtungi. Nasi wa mjini twafunga safari kwenda nyumbani na watoto, tukiwa na nguo mpya, mchele na soda.

Hebu tuhesabu. Wageni 10 wakikaa siku 3, kila mmoja akitumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, ni mitungi 30. Kila mtungi ukijaa una uzito wa kilo 20. Nani ataibeba? Mara nyingi ni mama mzee, au mke wa ndugu yetu, ambaye ameamka alfajiri kwenda kisimani. Sisi tunaimba kivulini, naye hajapata nafasi ya kuja ibadani. Je, kwake Krismasi ni habari njema, au ni mzigo mgongoni?

Mwaka huu, kabla hujanunua zawadi, uliza hali ya maji nyumbani. Mkiweza, changeni ndugu wote mlipie gari la maji. Msipoweza, wana wa kiume na wakwe washike mitungi, wamfunge punda, waende wao. Na jirani ambaye zizi lake li tupu, mwite mle pamoja. Bwana alisema kwamba hata kikombe cha maji baridi apewacho mmoja wa wadogo hakitakosa thawabu. Katika nchi ya theluji huenda kikombe hicho kikaonekana kidogo. Kwetu ni zawadi kamili ya Krismasi.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyepiga hema kati yetu, uwatulize waliochoka, uinyeshee nchi yetu mvua, utufundishe kubebeana mizigo. Amina.