Ukwasi wa Nani? Dhana ya Uzoaji wa Oda katika Masoko ya Fedha

1.0 Utangulizi

Katika mafunzo ya biashara ya fedha za kigeni yanayowafikia vijana wa Afrika Mashariki kupitia simu, kuna kauli inayorudiwarudiwa: bei hufagia ukwasi kwanza, kisha hugeuka. Kauli hiyo inaeleza jambo linalotokea kweli sokoni. Hata hivyo, inalieleza kwa namna inayomfanya mwekezaji mdogo asitambue kwamba kinachofagiwa ni oda yake mwenyewe. Makala haya yanafafanua jambo hilo na kupendekeza istilahi inayolieleza kwa uwazi zaidi.

2.0 Ukwasi na Oda

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, ukwasi ni utajiri, na mkwasi ni mtu mwenye mali nyingi. Katika taaluma ya fedha neno hilo limepewa maana mahususi: wepesi wa kununua au kuuza kwa wingi bila bei kuyumba sana. Soko lenye ukwasi ni lile ambalo muuzaji humpata mnunuzi upesi. Kwa hiyo ukwasi ni uhusiano baina ya pande mbili. Si rundo la fedha lililohifadhiwa mahali fulani.

Uhusiano huo hujengwa na oda. Oda ya bei maalumu hukaa sokoni ikisubiri, na hivyo humpa mtu mwingine nafasi ya kununua au kuuza. Oda ya kusitisha hasara hulala hadi bei ifike kiwango kilichotajwa, ndipo hugeuka kuwa oda ya kuuza au kununua kwa bei yoyote iliyopo. Ya kwanza huleta ukwasi. Ya pili, ikishaamka, huutafuta.

3.0 Namna Uzoaji Unavyotokea

Chukulia kwamba bei ya chini kabisa ya yuro kwa dola katika wiki fulani ni 1.1000. Wawekezaji wengi wamenunua yuro kwa 1.1040, na kila mmoja ameweka oda ya kusitisha hasara kwenye 1.0995, akiamini kuwa bei ikishuka hapo hesabu yake imekwenda kombo. Wakati huohuo, taasisi kubwa inataka kununua yuro nyingi. Ikinunua zote kwa pamoja kwenye 1.1020, itaipandisha bei dhidi yake yenyewe. Inahitaji wauzaji wengi kwa wakati mmoja.

Bei inaposhuka hadi 1.0990, oda zote zilizolala huamka na kuuza. Taasisi hununua. Wauzaji wakiisha, bei hupanda tena hadi 1.1040 au zaidi. Mwekezaji mdogo alikuwa sahihi kuhusu mwelekeo wa bei, lakini amekwisha kutolewa sokoni akiwa na hasara.

Kurundikana kwa oda si dhana tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, mwanauchumi Carol Osler alionesha kwamba oda za kusitisha hasara hukusanyika kupita kidogo bei zinazoishia na sifuri. Zikifikiwa, bei huelekea kwenda kasi zaidi upande uleule. Hivyo si kila mara bei hugeuka: mauzo ya kundi moja la oda yanaweza kuisukuma bei hadi kuliamsha kundi linalofuata.

4.0 Kati ya Kusudi na Mkondo wa Soko

Je, kuna mtu anayezitafuta oda hizo? Wakati mwingine yupo. Novemba 2014, mamlaka ya Uingereza inayosimamia mienendo ya taasisi za fedha ilizitoza benki tano faini ya jumla ya zaidi ya pauni bilioni 1.1. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni majaribio ya kuziamsha oda za kusitisha hasara za wateja kwa manufaa ya benki zenyewe.

Tukio la tarehe 15 Januari 2015 linatoa funzo tofauti. Benki Kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kiwango cha chini cha faranga 1.20 kwa yuro moja, ilichokilinda tangu Septemba 2011. Oda za kuuza yuro zilizokuwa chini ya 1.20 ziliamka, lakini wanunuzi walikuwa wametoweka. Ndani ya dakika chache bei ilikuwa chini ya 1.00, na oda nyingi zilitekelezwa mbali mno na bei zilizoandikwa. Hapakuwa na mwindaji wa oda. Kilichokosekana ni upande wa pili. Rundo la oda za kusitisha hasara ni ukwasi kwa yule tu anayesubiri kununua. Asipokuwapo, rundo hilohilo ni ukame.

5.0 Suala la Istilahi

Msemo “kufagia ukwasi” una kasoro mbili. Kwanza, msikilizaji wa Kiswahili husikia utajiri ukiondolewa, ilhali kinachoondolewa ni oda. Pili, anayefagia huondoa kisichotakiwa, ilhali hapa kinachoguswa kinatakiwa sana. Kitenzi “kuzoa” kinafaa zaidi. Hutumika kwa taka, lakini magazeti pia huandika kuwa mgombea amezoa kura au mwanariadha amezoa medali: vitu vilivyotawanyika vimekusanywa, na vimekwenda kwa mtu. “Uzoaji wa oda” humlazimu msomaji kuuliza: oda za nani, na zimezolewa na nani?

6.0 Hitimisho

Kenya iliweka kanuni za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni mwaka 2017. Kanuni za aina hii hudai wateja waelezwe hatari, lakini onyo lisiloeleweka halimkingi mtu. Makala haya yanapendekeza kwamba maelezo kwa wateja yatolewe pia kwa Kiswahili, na yaseme waziwazi mambo mawili: oda ya kusitisha hasara huanzisha mauzo bila kuahidi bei, na mchoro wa bei pekee hauwezi kuthibitisha hila. Mwekezaji akilijua la kwanza, atapima vyema kiasi anachoweza kukipoteza. Akilijua la pili, hatamwamini upesi anayemuuzia siri ya kumfuata mzoaji.