Bahari Ikifukiwa, Haki ya Watu Haifukiwi

Tangu Kiunga hadi Vanga, bahari ndiyo shamba la wengi wetu. Mwenyezi Mungu (s.w.) ametukumbusha katika Suratun Nahl kwamba miongoni mwa neema zake ni kuitiisha bahari, tukapata humo chakula, mapambo na njia ya safari. Katika miaka ya karibuni shamba hili limeingia katika mipango mikubwa ya serikali. Bandari zinapanuliwa, mchanga unachotwa chini ya bahari, na mahali palipokuwa na maji panajazwa pakawa nchi kavu. Ni wajibu wetu kuuliza: bahari inapofukiwa, haki ya waliokuwa wakiishi kwayo huenda wapi?

Katika vitabu vya fiqhi mna mlango uitwao ihyaul mawati, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa. Mwenye kuifufua ardhi isiyo na mwenyewe wala watu wanaoitegemea, akailima au akaijenga, huwa na haki nayo. Wako wanaodhani kuwa kuifukia bahari ni mfano wa jambo hilo, kwa kuwa pale hapakuwa na nyumba wala hati. Dhana hiyo haisimami. Wanazuoni wamekitoa katika mlango huo kila kitu ambacho watu hunufaika nacho kwa pamoja, kama vile njia, malisho ya kijiji, mahali pa kuchota maji na chumvi iliyo wazi. Ufuo ambao maji yakipwa wanawake hutafuta pweza, na maji yakijaa wanaume hutega malema, ni ardhi iliyo hai.

Dalili mashuhuri ni kisa cha Abyadh bin Hammal (r.a.), kilichopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Sahaba huyu alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba apewe chumvi ya Ma'rib, kule Yemen, naye akapewa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo barazani alimweleza Mtume kwamba alichokitoa ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho watu hukipata bila taabu. Mtume (s.a.w.) akakirudisha. Tuzingatie mawili hapa. Kwanza, kitu kilikwisha kutolewa, na bado kilirudishwa ilipobainika kuwa ni cha watu wote. Pili, kilirudishwa baada ya mtu mmoja kunena.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na maana hiyo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kimeitaja bahari ya nchi, sakafu yake, na ardhi yote iliyo baina ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Serikali ya taifa imekabidhiwa ardhi hiyo kwa niaba ya wananchi. Basi ni amana, na mwenye amana huulizwa. Kifungu cha 70 nacho kinamruhusu mtu kwenda mahakamani iwapo haki ya mazingira safi inavunjwa au inatishiwa kuvunjwa, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara.

Mfano ulio karibu nasi ni Lamu. Ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Ili meli kubwa zipate kufika, kina kilichimbwa katika ghuba ya Manda na sehemu ya bahari ikajazwa. Asiyeijua Lamu huenda akasema bahari ni pana, mvuvi na asogee mbele. Lakini wavuvi wengi wa kule hutumia vyombo vidogo. Kusi inapovuma, bahari ya nje ya miamba huchafuka, na mvuvi wa namna hiyo hubakiwa na ghuba na mikondo iliyositirika ndani ya visiwa. Ghuba ya Manda ni mojawapo. Tena tope linaloinuka wakati wa kuchimba hufunika matumbawe na nyasi za bahari, na mikoko ikikatwa, samaki wadogo hukosa pa kukulia.

Wakazi walifungua kesi mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba haki zao za kupata habari, za mazingira safi na za utamaduni zilikiukwa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76.

Ushindi huo ni mkubwa, lakini tuupime kwa mizani ya nyumbani. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 kesi ilipofunguliwa alikuwa na 12 hukumu iliposomwa, na baada ya hukumu familia ziliendelea kungoja malipo. Fedha hugawanywa zikaisha, na ghuba ilikuwa ikirithiwa. Tulinganishe na mwaka 2019, pale jopo la rufaa za mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko huko Lamu, sababu mojawapo ikiwa ni kutoshirikishwa kwa umma. Hapo sauti za watu zilisikika kabla ya jengo kusimama.

Sasa nina neno na mama zetu na dada zetu. Orodha ya walioathirika ikiishia kwa mwenye chombo na mwenye nyavu, imeacha nusu ya wenye haki. Yuko mama karanga anayenunua samaki ufuoni, akawakaanga na kuwauza. Yuko anayetafuta pweza na chaza maji yakipwa. Katika sheria ya dini yetu, chumo la mke ni mali yake mwenyewe. Kwa hiyo mume akilipwa fidia yake, haki ya mke bado haijalipwa, na ni juu ya mume kulisema hilo mbele ya waandishi wa orodha.

Mradi mkubwa hautakiwi kuanza kabla ya ripoti ya athari zake kwa mazingira kupelekwa NEMA na umma kuitwa kutoa maoni. Tangazo likitoka, lisomwe misikitini na katika vikao vya akina mama. Mkutano ukiitishwa, nendeni, na muulize kwa Kiswahili: ni wapi patakapofukiwa? Vyombo vitapita wapi? Nani ataandikwa, na kwa ushahidi gani? Jiandikisheni katika BMU ya ufuo wenu, na wekeni daftari la mnachopata na mnachouza kila siku, kwani dai lisilo na maandishi ni gumu kulithibitisha.

Hatusemi bandari zisijengwe. Bandari ni maslahi, na vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini kanuni ya wanazuoni ni kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa, nayo madhara hayazuiliki ikiwa wanaoyajua wamenyamaza. Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu uadilifu katika amana hii, na atujaalie nasi tuwe kama yule mtu wa barazani, aliyesema ukweli wakati ungali unafaa. Amin.