Mtu wa Bahari Katika Maji ya Mto

Kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhraa kwa ajili ya ukijani wake, kina vilima, mabonde ya mpunga na vijito vingi, ila hakina hata mto mmoja wa kumtia mtu hofu. Kwani vijito hivyo huzaliwa vilimani na kufia horini baada ya mwendo mfupi, havina masafa ya kukusanyia nguvu wala kimo cha kuangukia. Maji makali ya Mpemba yako baharini, katika malango ya miamba ya upande wa magharibi, penye visiwa vya Njao na Fundo, ambako siku za bamvua mkondo hupita kwa haraka hata mwenye ngalawa akaona heri angoje upoe. Si ajabu basi kwamba kijana wa Wete au wa Mkoani, akisikia kuwa wako watu wanaotoa fedha zao ili washushwe katika mporomoko wa mto ndani ya boti la mpira, hudhani kuwa jambo hilo ama ni wazimu, ama ni mchezo mwepesi kwa mtu aliyelelewa ufukweni. Dhana zote mbili zina kasoro, na ya pili ndiyo yenye hatari zaidi.

Kwa mwenye kutaka kujaribu siku moja tu, mahali pa karibu ni pawili. Pa kwanza ni Sagana, nchini Kenya, kiasi cha kilomita 100 kaskazini ya Nairobi, ambako maji ya Mto Tana bado ni machanga, yameteremka karibuni kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na yana safari ndefu mbele yake hata yafike karibu na Kipini na kumwagika katika bahari hii hii yetu. Pa pili ni Jinja, nchini Uganda, ambako Mto Naili hutoka katika Ziwa Viktoria. Jinja haikuwa ngeni kwa watu wa visiwa, maana msafara wa mpelelezi Speke, uliofika hapo mwezi wa Julai 1862, ulianzia Unguja mwaka 1860, na miongoni mwa vigogo wake alikuwamo Sidi Mubarak, yule aliyejulikana zaidi kwa jina la Bombay. Maporomoko aliyoyasifu Speke hayaonekani tena, kwani yalitoweka lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Tena bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, likazamisha maporomoko ya jina hilo, ambayo kwa Wasoga yalikuwa mahali patakatifu. Kisha bwawa la Isimba, mwaka 2019, likameza sehemu nyingine, na njia ya maboti ikabadilika kila mara. Wapenzi wa mchezo wamelia sana kwa jambo hili. Lakini sisi Wapemba, tuliongojea mpaka mwaka 2010 ndipo waya wa umeme ukapitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, hatuna uso wa kumlaumu mtu kwa kupenda taa.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwani humo ndimo ilimo siri ya mambo yote. Baharini wimbi husafiri na maji hubaki: nazi ikielea mbali na pwani hupanda na kushuka karibu pale pale ilipo, ilhali wimbi limeshapita chini yake na kwenda zake. Mtoni mambo hupinduka, maji ndiyo yasafiriyo na wimbi ndilo libakilo. Maji yakija kwa kasi juu ya jiwe lililozama, huinuka, hudidimia nyuma yake, kisha hujikunja na kuinuka tena, na umbo lile la kuinuka husimama mahali pamoja usiku na mchana maadamu kimo cha mto hakijabadilika. Ndiyo maana viongozi wa maboti huyajua mawimbi yao moja moja, na huyapa majina, kama nahodha ajuavyo miamba ya bandari yake. Fauka ya hayo, bahari ina zamu zake: kiasi cha saa sita maji yajae, kiasi cha saa sita yapwe, na baina yake kuna kipindi cha utulivu ambacho mvuvi hukipigia hesabu. Mto hauna zamu. Aliyezoea kungoja maji yageuke atangoja milele.

Liko na jambo jingine ambalo mwogeleaji hodari wa baharini hulitambua akishaingia majini. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu kwa kadiri ya sehemu mbili na nusu katika mia, na tofauti hiyo ndogo yatosha kumfanya mtu aelee chini zaidi mtoni kuliko alivyozoea. Na pale penye povu jeupe, ambapo maji yamechanganyika na hewa nyingi, mwili hukosa hata huo mhimili mdogo uliobaki. Kwa hiyo jaketi la kuokolea maisha halivaliwi kwa ajili ya wasiojua kuogelea peke yao, na kiongozi anayezikaza kamba zake mpaka mtu akalalamika kuwa hapumui vizuri, amefanya kazi yake.

Siku yenyewe huanza ufukweni. Kila mtu hupewa jaketi hilo, kofia ngumu na kafi, na boti huchukua watu sita au wanane pamoja na kiongozi akaaye nyuma. Kuta zake zimegawanywa katika vyumba mbalimbali vya hewa, ili kimoja kikitoboka vingine visalie, na sakafu yake hutoa maji yenyewe kwa matundu ya pembeni, hata hakuna haja ya upo wala ya mtu wa kufua maji. Abiria hakai ndani, hukaa juu ya ukingo, ameingiza miguu chini ya mto wa mpira uliokingama mbele yake. Kafi ina kichwa kama kipini cha kukingama, na mkono wa juu haruhusiwi mtu kuuondoa hapo asilani, kwani kichwa hicho kikiachwa huru wakati wa msukosuko, meno ya jirani ndiyo hulipa gharama. Kisha hufundishwa amri chache: kupiga mbele, kupiga nyuma, kuacha, na kuchutama ndani ya boti huku kamba ya ubavuni imeshikwa. Mazoezi haya hufanywa katika maji yaliyotulia, na ni vyema mgeni asiyapuuze, kwani kiongozi hana injini wala tanga. Injini yake ni hao abiria.

Kuanguka majini ni jambo la kawaida, wala si aibu. Aliyeanguka hulala chali, miguu ikitangulia upande maji yanakokwenda, vidole vikionekana juu, ili jiwe likitokea lipokewe na nyayo badala ya kichwa. Hapa ndipo mazoea ya baharini humponza mtu. Mtoto wa pwani akipata chini husimama, na kusimama kwake ndiyo salama yake; lakini mtoni, mguu ukiingia baina ya mawe mawili ilhali mkondo unasukuma kwa nyuma, mtu huangushwa kifudifudi na maji hayampi nafasi ya kuinuka tena, maana kasi ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake juu ya kitu kilichosimama huzidi mara nne. Asisimame basi mpaka maji yametulia na hayafiki magotini. Akirushiwa kamba, aishike kifuani na ajigeuze chali, wala asijizungushie mkononi.

La ajabu zaidi ni habari ya jiwe. Kila baharia amefundishwa kuukimbia mwamba, na boti likielekea kugonga, roho humwambia aegemee upande wa pili. Akifanya hivyo mtoni, ukingo ulio upande wa juu wa mto hushuka, maji huuparamia, na boti zima hukunjwa juu ya jiwe hilo lisiweze kubanduka. Itikio lililo sahihi ni kulirukia jiwe: watu wote hukimbilia upande ule ule unaogonga, ili ukingo wa juu uinuke na maji yapite chini. Jambo hili halimwingii mtu akilini kwa kusoma. Hulifanya kwa sababu kiongozi amepiga ukelele, kisha akalifahamu baadaye.

Kusoma njia ya maji nako kuna hikima yake, na waliopita chuoni wataikumbuka upesi. Ukitazama mbele kutoka ndani ya boti, ukaona maji laini yamekusanyika kwa umbo la nane ya tarakimu za Kiarabu, ncha yake iko mbali nawe, hapo aghalabu ndipo penye kina na njia. Ukiona saba, ncha imekuelekea wewe, ncha hiyo ni jiwe.

Maji makali hupangwa daraja sita. Daraja la kwanza na la pili ni mchezo wa watoto, la tatu lina mawimbi ya kumrowesha mtu na kumchekesha, na anayeanza halazimiki kuvuka daraja hilo. La sita huachiwa mito ijipitie yenyewe. Pale Itanda, kwenye Naili, maboti hutolewa majini yakachukuliwa kwa miguu nchi kavu, na hakuna anayedhani kuwa hilo ni woga. Kwa maoni yangu Naili humfaa anayeanza kuliko Sagana, japokuwa mawimbi yake ni makubwa zaidi kwa macho, kwa sababu ni mto mpana wenye kina, na baada ya mporomoko mmoja aghalabu hufuata maji mapana yaliyotulia ambamo aliyeanguka huokotwa na wenye mitumbwi midogo waliokwisha kutangulia. Sagana ni pembamba na mawe yako karibu, na kimo chake hufuata mvua, hata miezi ya masika ukawa mto mwingine kabisa. Mwenye kwenda na aulize siku hiyo hiyo kimo cha maji, na akiambiwa kuwa leo hapafai, ashukuru.

Nguo ziwe za kubana kidogo na za kukauka upesi. Mwanamke mwenye kutaka sitara atavaa nguo ndefu za kuogelea zinazofunika mwili, zinazouzwa siku hizi katika miji mingi, lakini buibui na kanga ziachwe ufukweni, kwani kitambaa kipana majini ni tanga lisilo na demani. Viatu vifungwe mguuni, kandambili hazifai.

Lililobaki ni la afya. Pemba twakijua kichocho cha mkojo, na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000, imeshughulika nacho kwa miaka mingi. Ziwa Viktoria na Naili zina kichocho cha tumbo, kinachoenezwa vile vile na konokono wa maji matamu. Dawa ni ile ile, prazikwanteli, vidonge ambavyo watoto wetu hupewa skuli. Ila dawa hiyo huua minyoo iliyokwisha kukua, wala haiwafikii sawasawa walio wachanga, kwa hiyo hunywewa baada ya wiki sita hadi nane tangu kutoka majini, kwa kipimo cha daktari. Na anayevimeza siku ya pili ya safari, kwa kudhani kuwa ameyawahi maradhi, itampasa avimeze tena.